Mswada, Mhariri na Subira: Historia ya Kukataliwa kwa Masimulizi kutoka Ihangiro hadi Dar es Salaam

Ikisiri

Historia ya fasihi ya Kiswahili kwa kawaida huandikwa kwa kufuata vitabu vilivyotoka mitamboni. Makala haya yanafuata njia nyingine: yanachunguza namna waandishi waliohusiana na eneo la Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, walivyokabiliana na kukataliwa kwa kazi zao na maoni ya wahariri. Mfano mkuu ni Aniceti Kitereza, mwanafunzi wa zamani wa Seminari ya Rubya, aliyesubiri miaka 35 kabla ya mswada wake kuchapishwa. Makala yanadai kwamba kukataliwa kuna aina zake, na kwamba mwandishi aliyeitambua aina iliyomkabili ndiye aliyepata jibu lililomfaa. Mwisho yanaonesha kwa nini suala hili lina uzito zaidi kwa hadithi fupi.

1.0 Utangulizi

Msomaji anaposhika kitabu huona kazi iliyokwisha kukubaliwa. Haoni barua zilizoandikwa na kujibiwa kabla yake, kurasa zilizofutwa, wala miaka ambayo mswada ulilala sandukuni. Kwa sababu hiyo historia ya fasihi imekuwa historia ya washindi. Kitabu kilichochapishwa huhesabiwa katika mwaka wa kuchapishwa kwake, kana kwamba kilizaliwa siku hiyo, na mswada uliokataliwa huhesabiwa kuwa haukuwapo.

Mazoea haya yana hasara mbili. Kwanza, yanapotosha mfuatano wa matukio. Kazi iliyoandikwa katika miaka ya 1940 na kuchapishwa mwaka 1980 huwekwa pamoja na kazi za kizazi kingine kabisa. Pili, yanaficha nguvu iliyoiumba fasihi yenyewe, kwa kuwa uamuzi wa mhariri wa kukataa, kukubali au kutaka marekebisho huathiri lugha, umbo na hata maudhui ya kazi inayomfikia msomaji.

Eneo la Bukoba na Muleba linafaa kwa uchunguzi wa namna hii. Ni eneo lenye mapokeo makubwa ya masimulizi katika Kihaya. Ni eneo lililopokea mapema elimu ya misheni na uchapaji. Tena liko mbali na pwani, kitovu cha kanuni za ushairi wa Kiswahili, na mbali na Nairobi na Dar es Salaam, makao ya wachapishaji. Mwandishi wa huku alikuwa na safari ndefu zaidi ya kufika kwa mhariri, na safari hiyo haikuwa ya maili peke yake.

2.0 Hadhira kama mhariri wa kwanza

Kabla ya kuwapo mhariri wa ofisini, mtambaji wa hadithi katika Buhaya alikuwa na wakaguzi wake. Hadithi ya mapokeo, iitwayo olugano kwa Kihaya, haianzi kwa mtambaji kusema peke yake. Kuna maneno ya kupokezana baina yake na wasikilizaji. Mtambaji hutangaza kwamba alifika na kuona, na hadhira humjibu kwa kumtaka aone ili nao wapate kuona. Mtafiti Peter Seitel, aliyekusanya hadithi za Wahaya na kuzichapisha katika Kiingereza mwaka 1980, aliyachukua maneno hayo ya hadhira kuwa jina la kitabu chake.

Jibu hilo la hadhira ni zaidi ya adabu ya ufunguzi. Ni sharti. Mtambaji anaruhusiwa kuendelea, lakini ruhusa hiyo ina masharti kwamba simulizi lake liwawezeshe wengine kuona alichokiona yeye. Akisimulia bila kueleweka, atajua pale pale. Msikilizaji atauliza, atakosoa, atacheka pasipostahili kucheka, au atasinzia. Mtambaji naye ana nafasi ya kurekebisha katika sentensi inayofuata, na kesho yake anaweza kuitamba hadithi ile ile kwa namna bora zaidi.

Mambo matatu yanautofautisha ukosoaji huu na ule wa mhariri wa kitabu. Hutolewa papo hapo, hutolewa na watu wanaofahamiana na mtambaji, na hauzuii jaribio la pili. Maandishi yaliyavunja yote matatu. Majibu yalianza kuchukua miezi au miaka. Mkosoaji akawa mtu asiyeonekana. Na neno la hapana likaweza kuwa la mwisho. Mwandishi aliyelelewa katika utambaji alipaswa kujifunza namna mpya ya kungoja.

3.0 Rubya na elimu ya maandishi

Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walifika Buhaya mwaka 1892 na kuweka kituo Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba. Baadaye shughuli za uchapaji zilianzishwa huko, na kazi za Kihaya zikapata mlango wa kutokea karibu na nyumbani. Historia ya Kiziba iliyoandikwa kwa Kihaya na F. X. Lwamgira ilichapwa mwaka 1949 katika mazingira hayo. Kwa mwandishi wa Kihaya, basi, palikuwa na mtambo, wasomaji, na kanisa lililohitaji maandishi katika lugha hiyo.

Seminari ya Rubya ilikuwa kusini, katika dola ya Ihangiro, ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba. Ilifundisha vijana kutoka pande nyingi za ziwa. Miongoni mwa waliopita hapo ni Laurean Rugambwa, aliyekuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Miaka mingi kabla yake alipita Aniceti Kitereza, kijana kutoka kisiwa cha Ukerewe.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akiwa mjukuu wa Omukama Machunda wa Bukerebe. Aliingia Rubya mwaka 1909 na kukaa huko miaka kumi, akisoma Kilatini, Kigiriki, Kijerumani, falsafa na teolojia. Aliondoka mwaka 1919 bila kuwa padri, akarudi kwao na kumwoa Anna Katura.

Safari yake ya kwenda Rubya ilikuwa na maana nyingine kihistoria. Mapokeo ya Bukerebe yanasema kwamba ukoo wa kitawala wa Abasilanga ulitoka Ihangiro ukiongozwa na Katobaha. Kikerewe na Kihaya nazo ni lugha jirani, zikiwa zimepangwa na Guthrie katika kundi moja, E.20. Kijana huyo, kwa hiyo, hakupelekwa ugenini kabisa. Alipelekwa mahali ambapo wazee wake walidai kuwa chimbuko lao, akapewa huko nyenzo ya kuyahifadhi masimulizi yao: kalamu, na nidhamu ya kukaa na maandishi kwa muda mrefu.

Nidhamu hiyo ni jambo la kuzingatiwa. Mwanafunzi wa Kilatini hujifunza kuandika, kusahihishwa na kuandika tena. Hujifunza pia kuhamisha maana kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuipoteza. Stadi zote mbili zilikuja kumfaa Kitereza nusu karne baadaye, kwa sababu ambazo hakuna mwalimu wa Rubya angeweza kuzitabiri.

4.0 Mswada wa mwaka 1945

Baada ya miaka ya kazi Mwanza kwa mfanyabiashara wa Kiitaliano, Kitereza alirudi Ukerewe Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, akafanya kazi misheni ya Kagunguli. Huko Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alimhimiza aandike kuhusu maisha ya Wakerewe wa zamani, tena aandike kwa Kikerewe. Mswada ulikamilika mwaka 1945. Ulikuwa simulizi refu la Myombekere na mkewe Bugonoka, wanandoa wanaopendana na kukosa mtoto, na la watoto waliowapata hatimaye. Kitereza na Anna wenyewe walipoteza watoto wao wote wangali wachanga. Mswada huo ulikuwa na uzito ambao mhariri wa mbali asingeweza kuusoma juu ya karatasi.

Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 49, na kilichofuata kilikuwa kimya. Hapakuwa na mchapishaji aliyekuwa tayari kutoa kitabu kikubwa cha masimulizi katika Kikerewe, lugha ya watu wa kisiwa kimoja na maeneo machache jirani. Hata mwaka 1948 ilipoanzishwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao Nairobi, hesabu haikubadilika. Kitabu kikubwa kinahitaji wanunuzi wengi, na wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache.

Hapa pana jambo ambalo wahakiki wamelipita haraka. Kukataliwa huku hakukumwambia mwandishi lolote kuhusu usanii wake. Hakukusema kwamba wahusika wake ni dhaifu au mtiririko wake unachosha. Kulisema jambo moja tu: soko la lugha yake ni dogo. Mwandishi asiyetofautisha maneno hayo mawili angeweza kuharibu kazi kwa kurekebisha kisichokuwa na kasoro. Angeyafupisha maelezo ya mila, angeondoa mazungumzo marefu ya kuamkiana na kuagana, angetafuta kisa chenye vishindo zaidi. Kitereza hakufanya hivyo. Maelezo ya kilimo, uvuvi, tiba, ugomvi na mapatano ya wakwe yalibaki, kwa kuwa hayo ndiyo aliyokusudia kuyaokoa.

5.0 Tafsiri kama jibu

Jibu la Kitereza lilikuwa kuutafsiri mswada wake mwenyewe kwa Kiswahili. Katika miaka ya mwisho ya 1960 Gerald na Charlotte Hartwig, watafiti kutoka Marekani waliofanya kazi Ukerewe, walimfahamu na kuutambua umuhimu wa kazi yake. Makala waliyoichapisha mwaka 1972 yaliifanya kazi hiyo ijulikane kwa wasomi kabla haijawa kitabu. Wakati huo mwandishi alikuwa mzee, naye na mkewe walisumbuliwa sana na maradhi ya viungo. Kuuandika upya mswada mkubwa katika lugha ya pili, kwa mikono inayouma, si tendo la kufuata shauri la mhariri tu. Ni uamuzi kuhusu nani atakuwa msomaji.

Uamuzi huo ulilingana na mabadiliko ya nchi. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966. Azimio la Arusha na Baraza la Kiswahili la Taifa vilifuata mwaka 1967. Kiswahili kikawa lugha ya kujenga taifa, na kitabu cha Kiswahili kuhusu mila za kisiwa kimoja kikawa na nafasi katika urithi wa nchi nzima. Kizazi kipya cha Ukerewe kilikuwa kimekwisha kupita katika mlango huo: Euphrase Kezilahabi alichapishiwa Rosa Mistika na Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki mwaka 1971, akiwa ameiandika moja kwa moja kwa Kiswahili. Mswada wa mzee wake kwa kisiwa ulikuwa na umri wa miaka 26 na ungali haujatoka.

Kuanzia mwaka 1972 Tanzania Publishing House iliongozwa na Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara, katika mkoa ulioitwa wakati huo Ziwa Magharibi. Chini ya uongozi wake mswada ulipata kibali, lakini kibali hakikuwa kitabu. Nchi ilikuwa na upungufu wa fedha za kigeni, na karatasi zilikuwa adimu. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia kaskazini ya mto Kagera, na vita vilivyofuata viliongeza mzigo kwa hazina ya taifa. Mkoa ulipewa jina jipya la Kagera mwaka 1979.

Kitabu kilitolewa kwa tarehe ya mwaka 1980, katika juzuu mbili, kikiitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla hajakitia mkononi.

6.0 Gharama ya kukubaliwa

Ni rahisi kuisoma habari hii kama fundisho la subira na kuishia hapo. Usomaji huo haujitoshelezi. Kukubaliwa nako kulikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na Kikerewe. Kazi iliyokusudiwa kuihifadhi lugha ya Wakerewe ilimfikia msomaji katika lugha nyingine. Kiswahili cha kitabu kinabeba alama za kuvuka huko: maneno ya Kikerewe yaliyoachwa yalivyo, yakifuatwa na maelezo, na salamu zisizo na kifani katika Kiswahili sanifu. Mhariri wa lugha angeweza kuziona alama hizo kuwa kasoro. Msomaji wa leo anaweza kuzisoma kama ushahidi wa mswada wa kwanza unaoendelea kusema chini ya ule wa pili.

Mswada huo wa kwanza haukupotea. Gabriel Ruhumbika, mwandishi na msomi mwenye asili ya Ukerewe, aliutumia kutoa tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 2002 na Mkuki na Nyota, kampuni iliyoanzishwa na Bgoya baada ya kutoka Tanzania Publishing House. Miaka 57 baada ya kukamilika, maandishi yaliyokuwa hayana mchapishaji yakawa chanzo cha kitabu kinachosomwa nje ya Afrika. Kama mwandishi angeyatupa alipomaliza tafsiri ya Kiswahili, mlango huo usingefunguka.

7.0 Njia nyingine mbili

Tafsiri haikuwa jibu pekee. Mugyabuso M. Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, na Kulikoyela K. Kahigi walitoa diwani ya Malenga wa Bara mwaka 1976. Jina lenyewe lilitangaza kwamba bara nalo lina malenga. Mashairi yasiyofuata vina na mizani yalikuwa yakipingwa vikali na washairi wa kimapokeo, waliosema kwamba utungo usio na urari si shairi. Huku kulikuwa kukataliwa kwa aina nyingine: hakukuhusu soko, kulihusu kanuni. Kutafsiri kusingesaidia, wala kusubiri.

Jibu la waandishi hao lilikuwa hoja. Mwaka 1979 walichapisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakiweka nadharia na tungo katika jalada moja. Mulokozi aliendelea na utafiti wa tendi za enanga za Wahaya, uliokuwa msingi wa tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Utafiti huo unaweza kusomwa pia kama ushahidi katika mjadala ule ule: katika Buhaya kulikuwa na utungo mkubwa, wenye sanaa na kanuni zake, usiotegemea urari wa vina wa pwani. Aliyeambiwa kwamba hana mapokeo aliyaleta mapokeo yake mezani.

Njia ya tatu ilikuwa kumpita mhariri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wachapishaji wa umma walipokwama kwa ukosefu wa karatasi na fedha, waandishi kadhaa walianzisha chapa zao. Kajubi Mukajanga alichapisha kupitia Grand Arts Promotions, na Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers. Njia hii ilileta uhuru na kasi, na vitabu vyembamba vya riwaya pendwa vikafika vituo vya mabasi na masoko. Hasara yake ni kwamba anayejichapisha hubeba peke yake kazi ya kuyaona makosa yake. Waliofaulu zaidi ni wale waliopata msomaji wa kwanza mkweli kabla ya mtambo, yaani waliomrudisha mhariri kwa mlango wa nyuma.

8.0 Somo kwa hadithi fupi

Mifano iliyojadiliwa inatoa mgawanyo wa aina tatu za kukataliwa: kwa sababu ya soko na lugha, kwa sababu ya kanuni, na kwa sababu ya uhaba wa nyenzo. Ipo ya nne, ambayo ndiyo inayowauma waandishi zaidi: ile inayoigusa kazi yenyewe, pale hadhira inapokuwa haijaona alichokiona mtambaji. Kila aina ina jibu lake. Soko hujibiwa kwa kutafuta msomaji mwingine, kanuni kwa hoja, uhaba kwa njia mbadala za uchapaji, na udhaifu wa kazi kwa kuandika upya. Kosa ni kuzichanganya. Anayeandika upya hadithi iliyokosa nafasi tu huidhoofisha, na anayeanzisha hoja dhidi ya mhariri aliyeonesha udhaifu wa kweli hupoteza msaada aliopewa bure.

Hadithi fupi iko hatarini kuliko riwaya katika jambo hili. Mswada wa riwaya ni mzigo. Huonekana sandukuni, jamaa huuliza ni kitu gani, mtafiti mgeni huoneshwa. Hadithi ya kurasa sita iliyorudishwa na mhariri wa gazeti hutumika kufungia karanga au hufutwa katika simu. Mwandishi wa riwaya anaweza kusubiri miaka 35 na mswada ukamsubiri. Mwandishi wa hadithi fupi anaweza kuipoteza kazi yake katika wiki ile ile aliyokataliwa, na historia isijue kwamba iliwahi kuwapo. Tuzo za leo, kama Safal-Cornell na Tuzo ya Mwalimu Nyerere, hutaja washindi hadharani. Kazi ambazo hazikushinda hurudi mahali pale pale ambapo mswada wa Kitereza ulikaa baada ya mwaka 1945.

9.0 Hitimisho

Mwandishi wa Bukoba au Muleba anayepokea jibu la hapana leo anasimama katika historia ndefu, wala si katika aibu ya peke yake. Historia hiyo haimwahidi kwamba kila kilichokataliwa kitachapishwa. Inamfundisha kuuliza kimekataliwa nini hasa: lugha, umbo, wakati au kazi yenyewe. Inamfundisha pia kuitunza nakala ya kwanza, kuandika juu yake tarehe na maoni aliyopewa, na kumtafuta msikilizaji wa karibu atakayemwambia papo hapo kama ameona.

Kwa watafiti wajibu ni mwingine. Shule, seminari, maktaba na familia za mkoa wa Kagera zinaweza kuwa na miswada na barua za wahariri ambazo hakuna aliyezihesabu kuwa fasihi. Kuzikusanya kabla ya mchwa na unyevu wa ziwa ni kazi ya haraka kuliko kuongeza uhakiki mwingine wa vitabu vinavyojulikana. Kitereza aliandika ili mila zisipotee pamoja na wazee. Miswada nayo ina wazee wake, nao hawatangoja.